Majina ya Kujaribia

Wadogo zangu mnaojifunza kompyuta pale Nakivale, mliniomba niwaandikie kidogo juu ya kazi niliyoiacha. Haya, nimeandika. Msicheke nikisema nimestaafu. Najua mstaafu mnayemfikiria ana mkongojo na mvi, na mimi bado naruka mitaro. Ila macho yangu yalikataa skrini, daktari akaniambia nichague, na sasa nafuga kuku Kakiika. Kuku hawana hifadhidata, wana midomo tu. Hata hivyo naota bado. Nataka siku moja nijenge kitu cha kunipigia simu kila yai likitagwa, na nyinyi ndio mtakaonisaidia, hamna pa kukimbilia.

Shule niliishia senior tatu. Nawaambia mapema, asije mtu akasema kazi hii ni ya wenye digrii. Aliyenifundisha ni Yaya Bisimwa. Kwetu Kivu yaya ni mkubwa wako, awe mwanamume au mwanamke, msimfikirie mlezi wa watoto. Hatukuwa ndugu wa damu. Yeye alitoka upande wa Walungu, mimi Uvira, tukakutana kwenye foleni ya maji ya wakimbizi hapo Nakivale. Alikuwa akimweleza mtu wa nyuma yake jinsi intaneti inavyofanya kazi, na yule mtu alikuwa amesinzia amesimama na jeriken yake. Mimi sikusinzia. Ndivyo nilivyopata kazi.

Kwa miaka kadhaa tulifanyia kazi mjini Mbarara, chumba cha nyuma cha duka la vitenge la Hajati Zamu. Tulikuwa tumemjengea programu ya kujua majora yake yaliyobaki, naye akatuachia meza, umeme na harufu ya vitambaa vipya. Yaya alikuwa na sheria zake pale mezani: chai ikae mbali na kibodi, kipanya kikae upande wa kulia, na mtu asithubutu kuzima kompyuta kwa kuchomoa waya ukutani. Ukikosea la tatu, hakusemeshi siku nzima.

Lile jambo la modeli, vyuu na kontrola, linalowaumiza vichwa, alinifundisha akiwa amesimama mlangoni, anaelekeza kidole dukani.

"Angalia. Kule nyuma iko stoo. Pale mbele iko dirisha, batu bako naangalia vitenge. Katikati iko nani?"

"Hajati."

"Mutu wa inje anaweza kuingia mu stoo, achukue mwenyewe?"

"Hajati atamvunja mguu."

"Bon. Njo vile."

Basi. Stoo ni modeli, huko ndiko vitu vinakaa na sheria zake. Dirisha ni vyuu, ni mahali pa kutazama tu. Na Hajati ni kontrola: mteja anaomba, yeye anaingia stoo, anatoka na kitambaa, anakitandaza. Na fremuweki ni nyumba iliyokwisha kujengwa na vyumba hivyo vitatu, ili usianze kwa kufyatua matofali. Ukielewa duka la Hajati umemaliza nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kutafuta mabano uliyosahau kufunga.

Ukurasa wangu wa kwanza ulikuwa wa aibu. Nilipitisha kazi ya stoo dirishani, kwa hiyo kwa kila jina lililotakiwa kuonekana, dirisha lenyewe lilikimbia stoo na kurudi. Hajati alikuja kutazama, akasubiri, akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, ukurasa bado unazunguka. "Nyabo," akaniambia, ndivyo anavyomwita kila mwanamke, "huyu mtu wako wa ndani anatembea kwa miguu?"

Nimechelewesha jambo lenyewe kwa sababu bado linanisimamisha nywele.

Tulijenga programu tuliyoiita Uko Wapi. Mnajua Nakivale ilivyo. Kila nyumba ina mtu inayemngoja. Unaingia, unaandika jina lako, unaandika jina la unayemtafuta na alama zake, na mwingine akiwa na habari anakujibu. Tuliweka pia ukurasa wa masahihisho: ukiona habari imekosewa, unaandika iliyo sahihi, hata bila kutaja jina lako, inakaa pembeni mpaka sisi tuikubali. Kila asubuhi mmoja wetu aliufungua. Fulani amehamia kambi ya Oruchinga. Fulani amejifungua. Fulani si mrefu, ni mfupi, nani alisema mrefu.

Sasa, programu kabla ya kufunguliwa kwa watu inataka majina ya kujaribia. Unaingiza watu wa uongo, unawahamisha, unawafuta, unawarudisha kwa amri moja, uone kama kila kitufe kinatii. Mahali pengine wanaandika jina lolote. Nakivale haikuwezekana. Mama mmoja jirani yetu alitukopesha jina lake, akasimama nyuma yangu kutazama, na nilipobonyeza kitufe cha kufuta akashika kichwa. "Munanifuta? Miye niko hapa, munanifuta?" Hakulala siku zile. Tangu hapo Yaya akakataa kutumia jina la mtu aliye hai.

Akaweka majina ya watu wake waliokufa.

Na hakuyaweka hivi hivi. Bibi yake, aliyemlea kule Walungu, alikuwa na mwiko: marehemu hatajwi kikamilifu. Ukimtaja, kosea kitu kimoja kwa makusudi, ili ajue humwiti, unamkumbuka tu. Kwa hiyo kila jina la kujaribia lilikuwa na kosa moja. Baba yake, fundi seremala, aliandikwa mfinyanzi. Shangazi aliandikwa ana mwanya, naye hakuwa nao. Na mdogo wake Nsimire, aliyempotea vitani siku ya kuvuka mpaka akiwa mtoto mdogo, aliandikwa anatumia mkono wa kulia.

Mimi Nsimire nilimzoea. Alikuwa wa kwanza kwenye orodha ya majaribio, basi kila nilipotaka kujua kama kitufe kinafuta, nilimfuta yeye. Kisha namrudisha. Nilimfuta na kumrudisha hata nikawa namsalimia: karibu tena, Nsimire.

Programu ikafunguliwa kwa watu. Majina ya kujaribia yakabaki humohumo, maana stoo tulikuwa nayo moja tu. Yaya aliyafunika yasionekane, akasema yanatosha hivyo.

Asubuhi moja ya mvua nilifika kwanza, nikafungua masahihisho. Moja lilikuwa la mzee wa Oruchinga. La pili lilisema hivi: "Nsimire. Si mkono wa kulia. Ni wa kushoto."

Nililisoma nikidhani Yaya ananichezea. Alipoingia, koti linadondosha maji, nikamwonyesha nikicheka.

Hakucheka. Aliinama karibu na skrini mpaka pumzi yake ikaacha ukungu kwenye kioo.

"Ni weye umeandika?"

"Hapana, Yaya."

"Hajati?"

"Hajati hata barua pepe hajui kufungua."

Mvua ilikuwa inapiga mabati, na mimi nikaanza kutamani mtu aje kununua kitenge, mtu yeyote.

"Mukono wake," akasema, "batu benye balijua mukono wake balikuwa nyumba moja. Balikufa bote. Mie njo nilibaki."

Kisha akanyoosha mkono ukutani, akachomoa waya. Yeye mwenyewe. Skrini ikawa nyeusi, na dukani redio ikakata, maana tulitumia njia moja ya umeme.

"Nani anazima umeme yangu?" Hajati akaita.

Nikatoka kumwambia ni waya umechomoka.

Siku zilizofuata nilifungua ule ukurasa jicho moja nimelifumba. Hakuna kitu. Nikatumia muda huo kutafuta njia aliyopitia huyo mtu, awe ni mtu au ni nini, na hapa nisikilizeni vizuri, maana hili mtalifanya na nyinyi. Yaya alikuwa ameyafunika majaribio dirishani. Aliandika kwenye ukurasa wa orodha: ukiona jina la kujaribia, usilionyeshe. Vizuri. Ila programu ina madirisha mengi. Baadaye tuliongeza ukurasa wa kutafuta kwa jina, na lile dirisha halikuwa na pazia. Ungeandika "Nsimire", angetokea na kila kitu chake, mpaka neno la mwisho chini kabisa: Aina, jaribio. Sheria ya kuficha ikae stoo, wadogo zangu. Ikikaa dirishani, utasahau dirisha moja.

Kwa hiyo nilijua mlango. Sikujua aliyepita. Na hata kama mlango ulikuwa wazi, nani angeandika jina la mtoto aliyekufa, ambaye ndugu yake pekee ni mwalimu wangu?

Sahihisho la pili likaja. "Jaribio maana yake nini? Mimi si jaribio."

Nililisoma nikiwa peke yangu pale, mchana, watu wanapiga kelele barabarani, na bado nikahisi mtu amesimama nyuma ya kiti. Nilikumbuka nilivyomfuta. Karibu tena, Nsimire.

Yaya alilisoma mara moja, akafungua ile skrini nyeusi ya amri. Nikamwona anaandika amri ya kusafisha majaribio yote. Ilibaki kubonyeza tu.

"Yaya, ngoja."

"Nilibaita vibaya. Bibi alisema. Ile kosa moja haikutosha, njo maana amerudi. Wacha nimupumzishe."

"Na kama ni mtu?"

"Mapendo, mutu gani?"

"Sijui. Lakini hatuna namba yake. Hatukuweka kisanduku cha namba kwenye masahihisho. Ukimfuta, akirudi kutafuta hataona kitu. Hatuna njia nyingine ya kumpata."

Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe. Akaniambia bila kunitazama, na sikuwahi kumsikia akisema jambo hili tena. Siku ya kuvuka watu walikuwa wakisukumana, yeye mwenyewe bado mtoto, na alikuwa amemshika Nsimire mkono. Amemshika ule wa kulia, kama bibi alivyowafundisha, maana kwa bibi wa kushoto ulikuwa wa kukatazwa. "Wa kulia haukuwa na nguvu. Wa kushoto njo ulikuwa unakamata. Kama ningeshika ule, angenikamata na yeye." Ukachomoka. Baadaye wakaambiwa waliobaki nyuma waliuawa wote.

Hajati alikuwa amesimama mlangoni na chai, hatujui tangu lini.

"Maiti hana simu," akasema. "Bando nani anamnunulia?"

"Hajati, haiko mambo ya kucheka."

"Mimi nacheka? Andikia yeye. Kama ni maiti, hatajibu vizuri. Kama anajibu vizuri, bwana ssebo, huyo anakula posho mahali."

Lakini utamwandikiaje mtu asiye na anwani? Nikapata wazo, na wazo hili najivunia kuliko yote niliyowahi kupata. Yeye alikuwa anasoma maelezo ya Nsimire. Basi tuandike mlemle. Tukafuta maelezo yake, Yaya akaweka swali: "Kama ni wewe, huo mkono wa kushoto tuliufunga na nini?"

Tukangoja. Kungoja kule sitaki kukuelezeni sana. Yaya alikuwa akifungua ukurasa, anafunga, anafungua, kama anayechungulia sufuria. Akakonda. Kila simu ilipolia dukani alishtuka. Mara moja nilimkuta anaongea na skrini, kwa sauti ndogo, kwa Kishi, lugha ya kwao, na mimi Kishi sikijui.

Jibu likaja asubuhi kama yale mengine.

"Kitambaa cha manjano. Bibi akienda shamba, Yaya alikuwa ananifungua."

Mwalimu wangu alikaa chini. Hakuwa na kiti mahali alipokalia. Alikaa sakafuni katikati ya mabaki ya vitambaa, mgongo ukutani, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba uso wa mtu unaweza kuogopa na kuomba kwa wakati mmoja. Maana fikirini: hakuna aliyebaki anayejua kuhusu kile kitambaa ila yeye na yule mtoto. Jibu zuri vile lilimtisha kuliko jibu baya.

Mimi ndiye niliyeandika maelezo mapya, kwa sababu yeye alikuwa bado sakafuni: "Njoo duka la vitenge la Hajati Zamu, Mbarara. Yaya yuko hapa."

Tuseme tulimngoja mtu aliyevaa nyeupe, sijui. Alikuja mchana, jua kali, mwanamke mnene mwenye viatu vya plastiki na mfuko wa nyanya, akasimama mbele ya kaunta na kuongea kwa sauti ya kambini.

"Mimi natoka Makenke, kambi ya jeshi. Nani hapa anaandika mimi ndani ya kompyuta? Nani anasema mimi ni jaribio?"

Yaya alikuwa stoo, kati ya majora. Alipoisikia ile sauti akatikisa kichwa, akaninong'oneza, "Haiko yeye. Batu betu habasemi vile." Kiswahili chake kilikuwa cha wanajeshi, cha mke wa afande, hakikuwa na hata chembe ya Kivu. Nikaona matumaini yanamtoka usoni, na nikaona pia, Mungu anisamehe, kwamba amepata nafuu. Mzimu usingekuja na nyanya.

Hajati akamwuliza, "Nyabo, wewe unatafuta nani?"

"Mimi hapana jua jina yake."

"Unatafuta mtu, jina hujui?"

"Mimi nilikuwa kadogo. Nilijua jina yangu tu. Mama alikuwa mama. Ile kijana ya kwetu, mimi naita yeye Yaya. Sasa kwa kompyuta naandika nini? Yaya? Wako wengi. Nikaandika mimi mwenyewe, nione kama kuna mtu ananitafuta." Akaweka mfuko wa nyanya juu ya kaunta. Aliuweka kwa mkono wa kushoto. "Mke wa afande alinibeba kutoka mpaka, akanilea. Ananiambia watu yako yote walikufa. Mimi nikakubali. Lakini jina nikaweka."

Wadogo zangu, Hajati Zamu hakuwahi kumruhusu mtu wa nje kuingia stoo. Hata mumewe alibisha hodi. Siku ile aliinua ubao wa kaunta, akasogea pembeni, akasema, "Pita, mama. Wako yuko ndani."

Akapita. Yaya alikuwa amesimama nyuma ya jora la kitenge cha bluu, amelikumbatia kama mtoto. Wakatazamana. Yule mwanamke akanyoosha mkono kusalimia, wa kushoto, kisha akakumbuka adabu, akaurudisha haraka, akatoa wa kulia.

Yaya akaukataa wa kulia. Akaufuata ule mwingine mpaka mdogo wake alipouficha mgongoni, akaukamata, nao ukakamata.

"Yaya," akasema yule mwanamke. Ndilo neno pekee la kwetu alilokuwa nalo.

Mimi na Hajati tulitoka nje. Hajati akaniambia ana vumbi machoni. Nikamwambia hata mimi.

Haya, la kazi nimalizie. Tulipojenga Uko Wapi, tuliweka visanduku vya anayetafuta: unamtafuta nani, jina lake nani. Hatukufikiria mtoto aliyepotea hajui majina ya watu wake, anajua Yaya na Mama na Bibi. Mtu wa namna hiyo anajitafuta mwenyewe. Siku iliyofuata tuliongeza kisanduku kipya, juu kabisa: Natafutwa. Na palepale, chini ya masahihisho, kisanduku cha namba ya simu. Ukijenga kitu cha watu, kaa kwanza mahali pa yule asiyejua la kuandika.

Nilidhani Yaya atayafuta majina yale mengine. Hakufuta. Alirudi kwa baba yake mfinyanzi, akamfanya seremala. Kwa shangazi akaondoa mwanya. Akapita jina kwa jina akirekebisha kila kosa alilokosea makusudi, mpaka wote wakawa kamili. Nilimwuliza kama haogopi tena. Akasema anaogopa, ila mlango ameuacha wazi.

Mpaka leo hakuna sahihisho lililokuja kwa wale wengine. Kila asubuhi anaufungua ule ukurasa, na akikuta hauna kitu anausoma vilevile, taratibu, hadi chini. Siku nyingi Nsimire yuko naye, anatoka Makenke na kuketi pale kwenye kiti changu cha zamani, anajifunza. Kwa hiyo mkitumwa dukani kwa Hajati, mkaikuta ile kompyuta, na kipanya kiko upande wa kushoto, msikihamishe.